Nati za Lori la Mzee Baha

Vijana wangu wa gereji, asanteni kwa lile shati mlilonipa siku ya kuniaga. Linanibana tumboni, lakini Mama Neema anasema ni vizuri, litanifundisha kula kidogo. Mliniomba pia niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa enzi zetu. Nimehangaika kutafuta pa kuanzia, maana shule niliishia darasa la nne, na kalamu ni nyepesi mno mkononi mwangu. Nimezoea kushika kitu chenye uzito. Mkiona mstari umepinda, mjue hapo mkono ulikuwa unatafuta spana.

Sitaandika habari za vyeo, kwa sababu gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: fundi, na anayemshikia fundi taa. Mshahara nao tuuache ulale. Nitaandika habari za bolti. Najua mnacheka. Mnasema, babu amestaafu na bado anaota nati. Lakini nimewaona mnavyokaza. Mnapanda juu ya spana, mnaruka-ruka kama watoto kwenye kitanda cha mgeni, halafu mnajifuta jasho na kusema, "Hii haitoki mpaka kiama." Inatoka. Haingoji kiama, inatoka hapo Bonga tu, njiani.

Nilianza kwa Mzee Saqware. Nilitoka kijijini Sigino asubuhi kwa baiskeli, mikono yangu ikiwa na sugu za jembe. Gereji yake ilikuwa uwanja wa vumbi kando ya barabara ya kwenda Bonga, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na kibanda cha mabati ambacho kilivuja mahali palepale alipopenda kukaa. Hakukiziba wala hakuhama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kufanya nini?"

"Najua kulima, na kukamua ng'ombe."

"Kukamua!" Akanitazama vidole. "Afadhali. Wote wanaokuja hapa wananiletea mabega."

Siku hiyo akanipa nati za gurudumu la trekta nikaze. Akanipa spana fupi. Ukutani palikuwa na bomba refu la chuma, lile la kuchomeka kwenye mkia wa spana ili upate nguvu zaidi. Nikalifuata. Akanipiga kofi dogo la kisogo, la kuamsha tu.

"Lile bomba ni la kufungulia. La kufungia ni mkono wako."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu nimesema."

Nyinyi mna vyuo vya ufundi na vyeti mmevitundika sebuleni. Chuo changu kilikuwa hicho: kwa sababu nimesema. Na mtihani wake ulikuwa kila siku.

Polepole vidole vikaelewa. Nati ukianza kuizungusha inakimbia bure. Halafu inagusa. Halafu inaanza kukataa, na kukataa kwake kunapanda sawasawa, kama ndoo unayoivuta kisimani. Hapo ndipo pa kusimama. Ukizidi kuvuta, kuna mahali spana inalainika ghafla, na mjinga anafurahi, anadhani ameshinda. Hajashinda. Bolti imeanza kufa mkononi mwake. Mzee Saqware alikuwa na nyundo ndogo, akimaliza kukaza anaigonga kila bolti na kusikiliza. Iliyokaza inaita, iliyolegea inaguna. Alisema ana sikio la muziki. Kwaya ya kanisani kwao walishamwondoa kwenye besi kwa sababu ya sikio hilohilo, lakini hilo halikumsumbua. Alisema wao wanaimba kwa kutazama vitabu.

Tena alikuwa na tabia ya kurudia. Gari likitoka leo, lazima lirudi kesho, aguse nati zote upya. Nikimuuliza kwa nini, alisema, "Chuma kikilala kinajinyoosha." Nikawa nawaambia wateja hivyohivyo na uso wangu wa kitaalamu, bila kujua maana yake hata kidogo.

Ehe. Kisha mkoa ukazaliwa.

Nyinyi mmekuta Manyara ipo, mnaona ni jambo la kawaida kama mlima Kwaraa. Sisi tulikuwa watu wa Arusha, tukalala, tukaamka tuna mkoa wetu na makao makuu ni hapa Babati. Ghafla kila mwenye kibanda anakiita gesti. Maisaka, ambako watu walikuwa wanapanda mahindi mpaka mlangoni, wakaanza kupanda misingi ya nyumba. Wakaja watu wa ofisi, wafanyabiashara kutoka Moshi na Singida, kila mtu anajenga, kila mtu anataka mchanga, tofali, kokoto. Malori yakawa mengi kuliko barabara. Na barabara ya Dodoma kupitia Kondoa ilikuwa bado ya udongo, ina mawimbi kama ubao wa kufulia nguo. Gari linatoka kwako zima, linarudi linaongea.

Wakati huohuo akaja Rehema. Alikuwa fundi wa magari ya ofisi moja ya mkoa, binti wa Morogoro, mwembamba, kavaa ovaroli iliyoshonwa kwa ajili ya mwanamume wa tumbo kubwa. Ofisi yao haikuwa na shimo, wakakubaliana na Mzee Saqware watumie letu. Siku ya kwanza akashuka na sanduku refu jembamba. Sisi tukadhani ni filimbi. Akatoa spana ndefu yenye namba shingoni.

"Hii ni spana ya kipimo," akasema. "Unaiwekea kiwango, nati ikifika hapo inalia."

Akakaza nati moja. Ikalia: ka!

Mzee Saqware akamgeukia mtu wa pembeni, ambaye ni mimi. "Boay, umesikia? Imevunjika."

"Haijavunjika, babu. Ndiyo sauti yake."

"Mimi mke wangu naye analia nikifika kiwango, na hatujamweka kwenye sanduku."

Rehema akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. Tangu siku ile wakawa wanachokozana kila asubuhi, na asubuhi ambayo hawakuchokozana tulijua mmoja wao anaumwa.

Ni yeye aliyenifungulia siri ya ile "kwa sababu nimesema". Tulikuwa tunakunywa chai, nikamuuliza, hii bolti inashikaje? Akaniuliza mimi nadhani inashikaje. Nikasema, inashika kama msumari, imepita tundu, basi vitu havitoki.

"Hapana, Baba Neema," akasema. "Bolti ni mpira."

Mzee Saqware akapaliwa na chai.

Rehema akaenda kwenye baiskeli yangu, akafungua ule mpira wa tyubu tunaofungia mizigo kwenye keria. Akaweka tofali juu ya keria, akauzungusha mpira bila kuuvuta, akafunga. Akasukuma baiskeli, tofali likaanguka karibu na mguu wa mzee. Akaliweka tena, safari hii akauvuta mpira mpaka ukawa mwembamba, ndipo akaufunga. Akaitikisa baiskeli kama anaipunga pepo. Tofali likatulia.

"Mpira ni uleule," akasema. "Tofauti ni kwamba huu umevutwa kabla ya safari. Unataka kurudi kwenye urefu wake, haupati nafasi, kwa hiyo unalibana tofali. Bolti ya chuma nayo inavutika, kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Unapokaza nati hujafunga mlango. Umeivuta bolti, nayo inarudi kwa hasira na kubana vyuma viwili viwe kama kimoja. Gurudumu halibebwi na bolti kama koti kwenye msumari. Linabebwa na ule mbano. Mbano ukiisha, gurudumu linaanza kucheza, linaikunja bolti huku na huku kama waya, mpaka inakatika."

"Na ukizidisha kuvuta?" nikauliza.

"Mpira ukizidisha kuuvuta?"

"Unakatika. Au unabaki umelegea, haurudi."

"Basi ndiyo hapo inapolainika."

Nikamgeukia mzee wangu. Alikuwa anatazama tofali. Akasema, "Mimi nilikuwa nalijua hilo. Sikutaka kuwachanganya." Rehema akamwambia, "Najua, babu." Akaongeza na jambo lingine ambalo nawaomba mlishike: ile spana yake haipimi mvuto wa bolti. Inapima ubishi wa nati. Kama uzi, ile mistari ya bolti ambayo nati inaipanda, una kutu, nati inabisha mapema, spana inalia, na bolti haijavutika. Kama umepaka grisi, nati haibishi, na unaweza kuivuta bolti mpaka ikafa. Kwa hiyo safisheni uzi kwanza, msikimbilie kusikiliza ka.

Sasa Mzee Baha.

Huyu alikuwa mkulima wa huko juu Mbulu, mtu wa ng'ombe na ngano, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Alipoona mji unajengwa, akauza ng'ombe akanunua lori kuukuu ili libebe mchanga na mbaazi. Dereva wake alikuwa Yohana, kijana wa Bonga, mpole, msafi kupita kiasi. Alikuwa akisimama popote anashuka na kitambaa kufuta magurudumu, kama mtu anayemfuta mtoto mafua. Alikuwa amezunguka mjini muda mrefu akiomba lori la kuendesha. Kwa madereva wa hapa jina ndiyo leseni yenyewe. Ukisemwa wewe ni mzembe, utaishia kusukuma toroli sokoni.

Mara ya kwanza gurudumu la nyuma lilimtoka palepale Bonga. Yohana anasimulia kwamba alikuwa anaendesha polepole, akaona gurudumu linampita upande wa kulia, akajiuliza la nani. Likaingia shamba la mbaazi likalala. Hakuumia mtu, isipokuwa mbuzi mmoja alishtuka. Bolti zingine zilikatika. Tukaweka mpya, Mzee Saqware akakaza kwa mkono wake, akagonga, zikaita. Kesho yake lori likarudi, nati zinazungushwa kwa vidole.

Mzee Baha akaja gereji na fimbo yake.

"Fundi, unakaza au unabembeleza?"

"Nakaza, mzee. Nimekaza magari ya mji huu kabla hujauza ng'ombe."

"Basi huyu kijana ndiye analegeza."

"Baba, nilegeze ili iweje?" Yohana akasema. "Mimi ndiye ninayekaa mbele!"

Rehema akajitokeza, akasema labda ni mkono wa babu umechoka. Mzee Saqware akasema labda ni filimbi ya binti ndiyo inayohitajika. Basi wakashindana. Gurudumu la kulia akakaza Mzee Saqware, la kushoto akakaza Rehema kwa spana yake, ka, ka, ka, uzi umesafishwa na brashi ya waya kama inavyotakiwa. Lori likapelekwa Sigino kuchukua mchanga. Sote tulilingojea kama watu wanaongojea matokeo ya kura. Liliporudi tukapiga jeki.

Kulia, zimelegea. Kushoto, zimelegea. Walikosa wote wawili, na walikosa sawasawa. Sijawahi kuona ushindani ulioleta amani namna ile.

Lakini amani hiyo ilimwangukia Yohana. Maana Mzee Baha hakuwa mjinga, alikuwa anafikiri vizuri sana, tatizo alianzia pabaya. Akasema, "Mafundi wawili wamekaza mbele ya macho yangu. Mmoja kwa mkono, mwingine kwa mashine. Zimetoka hapa zimekaza, zimefika pale zimelegea. Katikati ya hapa na pale alikuwepo nani?"

Rehema akaanza kurudisha spana yake sandukuni.

Siku ya soko Mzee Baha akasimama kando ya mizani ya mbaazi, mbele ya wachuuzi na madereva wenzake Yohana, akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Mtu anayelegeza nati za gari la mwenzake ni mchawi au ni mwizi wa vipuri, na mimi sitaki kujua ni kipi." Akachukua ufunguo. Jioni ile mji mzima ulishajua. Babati mpya ilikuwa na ofisi nyingi, lakini habari bado zilisafiri kwa njia ya zamani, na hazikuwahi kutoka gurudumu.

Kesho yake Yohana akaja gereji kurudisha vitu vya lori, lililokuwa limeegeshwa kwetu. Hakusalimia kama kawaida yake. Akaweka jeki mezani. Akaweka spana ya gurudumu. Akatoa mfukoni kile kitambaa chake.

"Hata hiki ni cha gari. Asije akasema nimeiba."

Kitambaa kilikuwa cha bluu. Nikakumbuka kilikuwa cheupe.

Rehema akakichukua. "Hii bluu imetoka wapi?"

"Kwenye nati. Kila nikisimama nafuta. Inatokeza pembeni ya nati, kama siagi kwenye mkate ukiubana."

"Inatokeza kila siku?"

"Kila nikisimama, dada. Nikidhani ni uchafu."

Rehema na Mzee Saqware wakatazamana, kisha wote wakakimbilia lori, mzee na goti lake bovu akiwa mbele. Tukatoa gurudumu. Hapa lazima niwaeleze kitu. Mzee Baha alipolinunua lori aliamua lisifanye kazi kabla halijaombewa kanisani. Na kwao huwezi kuleta kitu mbele ya baraka kikiwa na madoa. Kwa hiyo akatoa magurudumu yote kwa mkono wake, akapaka lori zima rangi ya mafuta ya bluu, ileile ya milango ya nyumba yake. Akapaka na kurudia na kurudia. Hakuacha mahali. Akapaka rimu mbele na nyuma, akapaka uso wa habu, yaani kile kitovu ambacho rimu inakaa juu yake, akapaka hata kwenye vishimo nati zinapokalia. Mtu mwingine angepaka panapoonekana. Yeye alisema Mungu anaona nyuma ya rimu.

Mzee Saqware akaweka ukucha kwenye uso wa habu akabonyeza. Ukucha ukazama. Rangi ilikuwa nene kama ukoko wa ugali, juu ngumu, ndani laini bado.

"Majani mabichi," mzee akasema.

"Nini?" nikauliza.

"Boay, ukifunga mzigo wa majani mabichi ya ng'ombe kwenye baiskeli yako, ukauvuta mpira vizuri kabisa, ukifika nyumbani mpira ukoje?"

"Umelegea. Majani yananywea."

"Na kuni?"

"Kuni hazinywei. Mpira unakaa."

"Basi Mzee Baha ametufungisha gurudumu juu ya majani."

Rehema akapiga makofi. Kweli ilikuwa hivyo. Wote wawili waliivuta bolti sawasawa, lakini walichokibana hakikuwa chuma kwa chuma, kilikuwa chuma, rangi, rangi, chuma. Mzigo na joto la breki vinaikamua rangi itoke pembeni. Rangi ikipungua unene wa karatasi tu, bolti, ambayo kuvutika kwake kwenyewe si kwingi kuliko hapo, inarudi kwenye urefu wake na mbano unaisha. Nati hata haijazunguka! Hakuna aliyeigusa. Msiniambie mbona magari mapya nayo yana rangi. Ile ya kiwandani ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu na imekauka kwa moto. Hii ilikuwa ya milango.

Yohana alikuwa amesimama na kitambaa chake. Akasema taratibu, "Kwa hiyo si mimi." Si kwamba alikuwa na shaka. Nadhani alitaka tu kuisikia ikisemwa mahali penye watu.

Kumwambia Mzee Baha ilikuwa kazi nyingine. Tulimwita, akabonyeza rangi kwa ukucha wake mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitegemea.

"Lori limeombewa likiwa na rangi hii. Mkiikwangua, si mnakwangua na maombi?"

Chuoni kwa kina Rehema hawakufundishwa hilo. Mzee Saqware, mtu aliyetolewa kwaya, ndiye aliyejibu.

"Mzee mwenzangu, mchungaji aliombea gari liende au liwe bluu?"

"Liende salama."

"Sasa rangi hii inabishana na mchungaji. Tutakwangua pale tu chuma kinapogusa chuma. Mahali pengine pote libaki na bluu yako, hata mimi likipita nijue ni bendera yako."

Mzee Baha akakuna kidevu. "Kwangueni. Lakini dereva nitaweka mwingine."

"Hapana," Mzee Saqware akasema. "Ukiweka mwingine na nati zikatulia, mji utasema kweli Yohana alikuwa mchawi. Lazima aendeshe yuleyule."

"Na akilegeza?"

"Kaa naye umlinde."

Nikakwangua mimi, kwa kisu, brashi ya waya na msasa, mpaka nyuso za chuma zikang'aa. Bolti zote tukaweka mpya, maana zile za zamani zilishakunjwa sana. Rehema akakaza kwa mpangilio wa nyota, anaruka kutoka nati hii kwenda ile inayoitazama, ili rimu ikae sawa. Ka, ka, ka. Mzee Saqware akafuata nyuma na nyundo yake akisikiliza. Hakuna aliyemcheka mwenzake, jambo lililonitisha kidogo.

Lori likapakia mbaazi mpaka juu, likashika barabara ya Kondoa, Yohana kwenye usukani na Mzee Baha pembeni na fimbo yake. Yohana alituambia baadaye kwamba kila waliposimama, hata kwa kuchimba dawa porini, haja ndogo tu, mzee alishuka wa kwanza akasimama kwenye gurudumu la nyuma kama askari wa benki. Anazunguka kuangalia la kulia, anaogopa la kushoto litalegezwa, anakimbia tena kushoto. Mtu mzima yule. Yohana akamwambia, "Baba, kaa kwenye kivuli, mimi nitasimama huku mikono juu." Mzee akasema, "Iweke juu basi." Na kweli Yohana akaiweka.

Waliporudi walikuta siku ya soko. Lori likaegesha karibu na ile mizani. Sisi tulishakuwepo, Rehema na sanduku lake. Akaigusa nati ya kwanza: ka, papo hapo, haikusogea hata unywele. Ya pili, hivyohivyo. Akazunguka magurudumu yote na watu wakamfuata kama wanafuata maiti ya tajiri. Hakuna iliyosogea. Mzee Saqware akagonga na nyundo, zikaita.

Mzee Baha akatoa ufunguo, maana alikuwa akiuchukua kila waliposimama, akamnyooshea Yohana.

"Shika. Kesho kuna mchanga."

Yohana hakunyoosha mkono. Alikuwa mpole, nimesema, lakini sauti aliitoa. "Baba, siwezi kuuchukua kimya. Uliuchukua kwa maneno, hapahapa. Wenzangu hawa walisikia. Nikiuchukua kimya, watasema umenihurumia."

Mzee yule alikuwa na umri wa baba yake, na kwao mzee harudishi neno mbele za watu. Nilimwona anatazama fimbo, anatazama lori, anatazama vidole vyake ambavyo kwenye kucha bado vilikuwa na bluu. Halafu akapanda juu ya ile mizani ya mbaazi, sijui kwa nini alipanda, labda alitaka aonekane.

"Nisikieni," akasema. "Huyu kijana hakulegeza nati. Si mwizi. Si mchawi. Nati zililegea kwa sababu zilikaa juu ya rangi. Rangi nilipaka mimi. Nilipaka na nyuma."

Mama mmoja muuza vitunguu akapaza sauti: "Mzee, shuka, unatuharibia mizani! Na hiyo nyumba yako ya milango ya bluu, bado ipo mahali pake?"

Watu wakaangua kicheko, na Mzee Baha, jamani, naye akacheka, tumbo likamtikisika mpaka sindano ya mizani ikawa inacheza. Yohana akamshika mkono akamteremsha. Akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akapanda kwenye lori akawasha. Kisha akainama dirishani.

"Baba, panda twende. Mama anakungoja nyumbani, na leo mikono naiweka kwenye usukani."